Mkono Mmoja Umeoga, Mwingine Bado

Gauni langu jeupe la uuguzi lilianza kazi kabla yangu. Mama alilishonesha kwa fundi wa Kitale nikiwa bado mwanafunzi Bungoma, akalitundika kwenye kibanda chake cha mitumba, katikati ya koti la mvua na suti ya marehemu fulani mnene. Alisema amelitundika ili likunjuke. Ukweli ni kwamba alitaka soko lote lijue.

Shida ya soko ni moja: kitu kikishatundikwa, kina bei. Nilipokuwa likizoni nilikuwa nakaa nyuma ya marobota nikisoma, na kila baada ya kurasa mbili nasikia mtu anajadili maisha yangu.

"Hiyo nyeupe ni ngapi, mama?"

"Hiyo haiuzwi. Ni ya daktari wangu."

"Sasa kama haiuzwi, mbona umeitundika?"

"Na wewe si umesimama hapo tangu asubuhi? Kuna mtu amekununua?"

Aliyelitaka kwa dhati alikuwa mama wa hoteli. Hoteli yenyewe ilikuwa mabenchi, sufuria ya chai na mandazi yaliyofunikwa kwa wavu, hatua chache kutoka kwetu. Aliona gauni lile litamfaa msichana wake wa kupeleka chai. Wateja wakiona mtu amevaa nyeupe pe namna ile, watajua usafi umefika. Alikuja, akalishika pindo, akaligeuza, akalirudisha. Siku nyingine akaja tena, akapima mabega kwa kiganja. Mama hakumfukuza. Mama hajawahi kumfukuza mtu aliyeshika nguo.

"Huyu wangu akifeli, ni lako," alimwambia mbele yangu. Kisha akanigeukia. "Si unasikia? Sisi hatuweki mali isiyotembea."

Nilicheka. Mama hakucheka.

Kwa hiyo, wengine walipokuwa wakiombea mtihani wa leseni kwa ajili ya wagonjwa wa taifa hili, mimi niliuombea ili gauni langu lisije likapeleka chai na mandazi sokoni Kitale. Anayefeli angengoja nusu mwaka kufanya tena, na nusu mwaka ni muda wa kutosha kabisa kwa nguo nyeupe kuharibiwa na chai ya maziwa.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa karatasi na wa mikono. Karatasi sikuiogopa, karatasi haina mdomo. Wa mikono ndio uliotukosesha hamu ya kula. Unapewa mgonjwa wa kweli, kwenye kitanda cha kweli, na watahini wawili wanasimama pale miguuni pa kitanda wakiandika. Mimi nilipangiwa wodi ya akina mama waliovunjika mifupa, na pale hakuna siri: mtu aliyefungwa mguu kitandani hawezi kwenda bafuni, kwa hiyo utaambiwa umwogeshe palepale alipolala, bila kumlowesha godoro wala kumwacha uchi wala kumwanika mbele ya dunia.

Utadhani kazi ni kuoga tu. Kuoga gani! Jicho linaanzwa kwenye pua kwenda nje, bila sabuni. Mkono wa mbali kwanza, kisha wa karibu. Unafunua unachoosha, unafunika ulichomaliza. Maji yakipoa unabadilisha, na ole wako mtahini akitia kidole kwenye beseni akakuta baridi. Likizo ile nilimlaza mama juu ya robota la mashuka nifanye mazoezi, akavumilia uso na mkono mmoja. Nilipoufikia wa pili akaona mteja kashika blanketi, akaruka na povu lake.

"Mimi sijafa bado unanikunja-kunja hivi," alisema huku akijifuta. "Tafuta mtu asiyeweza kutoroka."

Ndio ushauri bora wa kitaaluma niliowahi kupewa.

Niliporudi Bungoma nilikuta soko lingine limeshafunguliwa, la wagonjwa. Rasmi, sista mkuu wa wodi ndiye aliyegawa wagonjwa wa mtihani. Lakini sista mkuu alikuwa mtu mwenye kazi nyingi, na ukimwambia mapema, kwa heshima, kwamba wewe na fulani mmeshazoeana, alikuwa anashusha pumzi na kusema haya. Basi kila mtahiniwa alizunguka wodini akikagua. Tulitaka mgonjwa mwepesi, asiye na maumivu makali, anayejua Kiswahili, ambaye hataruhusiwa kwenda nyumbani usiku wa kuamkia mtihani. Mwenzangu wa chumbani, msichana wa Kiminini mwenye kicheko cha kufungua madirisha, alikuwa amekwisha kupoteza wawili namna hiyo. Wamepona. Aliwalaani kwa upole.

Wangu nilimwona siku ya kwanza. Alikuwa kukhu mmoja, nyanya mwembamba kutoka upande wa Sirisia, mguu wake umevutwa kwa kamba iliyopita juu ya gurudumu dogo mwisho wa kitanda, na chini ya kamba mfuko wa mchanga unaning'inia kuuvuta mfupa urudi mahali pake. Alianguka akimfukuza kuku wa jirani aliyeingia kwenye mtama wake. Wiki nyingi za kulala zilikuwa bado mbele yake. Niliutazama ule mfuko wa mchanga nikamkumbuka mama: huyu hatoroki.

"Huyo ni wangu," mwenzangu wa Kiminini alinong'ona nyuma yangu. "Nilimwona jana."

"Ulimwona. Uliongea naye?"

"Nilimsalimia."

"Kusalimia ni kupita tu. Mimi nimekuja kununua."

Alicheka hadi kukhu akageuza kichwa. Nikavuta kiti.

"Kukhu, wiki ijayo nataka kukuogesha mbele ya wageni."

"Wageni wa nani?"

"Wa serikali. Wawili."

"Wanaleta nini?"

"Hawaleti kitu. Wanaandika tu kama nimekuosha vizuri."

"Na nisipotakata, anayefeli ni mimi ama wewe?"

"Mimi."

Akatulia. Nilikujua kule kutulia kwake. Ni kutulia kwa mtu aliyegundua kwamba mwenzake ana shida kuliko yeye. Nilikuwa nimetulia hivyo mara nyingi mwenyewe, kwenye kibanda cha mama.

"Sabuni gani?" akauliza.

"Ya hospitali."

"Hiyo ya kuosha sakafu? Hapana. Ulete ile ya kunukia, ya karatasi. Ukimaliza, inabaki kwangu."

"Nitakuletea nusu. Tutaikata."

"Nusu ya sabuni huosha nusu ya mtu. Unataka kuniosha nusu?"

Mwenzangu wa Kiminini alitoka nje ili acheke vizuri. Tulipatana sabuni nzima, mpya, ambayo haitafunguliwa hadi asubuhi ya mtihani, na itakuwa mali yake maji ya mwisho yakishamwagwa. Alinirudishia masharti hayo neno kwa neno, kisha akaniambia nami niyarudie. Tangu hapo nilimheshimu.

Mazoezi yalikwenda vizuri kupita kiasi. Baada ya siku chache kukhu alijua hatua zote. Nikishika kitambaa, anafumba jicho. Nikikohoa, anainua mkono wa mbali. Ilibidi nimwambie apunguze mbio, watahini wasije wakadhani tumepanga, jambo ambalo bila shaka tulikuwa tumelipanga. Kilichonisumbua ni ukimya. Siku mwalimu wetu wa wodi aliposimama kutazama, kukhu aligeuka gogo. Alitazama dari, hakujibu hata nilipomuuliza kama maji yana joto.

"Hiyo itakuua," mwenzangu aliniambia tukila githeri. "Kuna alama za kuongea na mgonjwa. Akinyamaza, wanasema umemtisha."

Basi nikarudi kwa kukhu na maagizo mapya. Ndiyo hekima yangu hiyo, sikuazima kwa mtu.

"Wakija, usiwaogope. Wachukue kama wageni wamekuja kwako nyumbani. Wasalimie. Waulize wametoka wapi. Ongea tu, kukhu."

"Kama wageni wangu kabisa?"

"Kabisa."

"Sawa," alisema. "Wageni nawajua."

Asubuhi ya mtihani nilipanga troli yangu na kuihesabu. Mabeseni, jagi la maji moto, taulo, vitambaa, mashuka, sabuni ya karatasi inayonukia hadi mlangoni. Kisha nikaihesabu tena, maana mama alinifundisha hesabu ya kwanza ni ya macho, ya pili ndiyo ya akili. Mwenzangu alikuwa mlangoni akingoja zamu yake.

Watahini waliingia. Mmoja alikuwa mwanamke mrefu ambaye hakuwa mtu wa huku kwetu, viatu vyake vinalia, uso wake umefungwa kama duka siku ya Jumapili. Mwingine alikuwa mwanamume wa makamo, mnene kidogo, mpole, mwenye sauti ya mtu anayeongoza kwaya kanisani. Nilimpenda papo hapo. Nikajiambia huyu ndiye atakayeniokoa.

Nikazungushia kitanda mapazia ya magurudumu, nikafunga dirisha, nikamweleza kukhu ninachotaka kufanya, naye akashangaa vizuri sana, kana kwamba anasikia mara ya kwanza. Maji nikayapima kwa kiwiko. Jicho, kutoka kwenye pua kwenda nje. Uso. Shingo. Mkono wa mbali ukaoshwa, ukakaushwa, ukafunikwa. Watahini wanaandika. Viatu havilii. Nikaona gauni langu likishuka kwenye msumari na kuja lenyewe Bungoma.

Hapo kukhu akakumbuka maagizo.

"Wageni, mmeamkaje?"

"Salama, mama," mtahini mwanamume alijibu. Yule mwanamke alitikisa kichwa.

"Mmetoka mbali?"

"Mimi ni wa Bumula, mama."

"Oo, Bumula! Bumula kwa watu gani?"

Alimtajia ukoo wake. Kukhu akaguna kwa furaha. Alikuwa na shemeji huko. Nilikuwa nimeushika mkono wa karibu, naupaka sabuni kuanzia kifundo kupanda juu, na moyoni najipongeza. Sikiliza mawasiliano hayo! Nani atakata alama hapo?

"Na umeoa?"

"Nimeoa, mama. Watoto wamekua."

"Umeoa wapi?"

Sasa, mtu wa mahali pengine angesema nimeoa mbali, akaendelea na kazi yake. Lakini huyu alilelewa, na mtu aliyelelewa akiulizwa na mama mzee ameoa wapi, anajibu hadi mwisho.

"Nimeoa Sirisia, mama."

"Sirisia upande gani?"

"Kule kwenye mteremko, unaposhuka mtoni. Kwa mzee mwenye mashine ya kusaga."

Mkono niliokuwa nimeushika uligeuka kuni.

"Yule mzee wa mashine," kukhu alisema polepole, "ana mke mmoja. Na huyo mke, mimi na yeye tumenyonya ziwa moja."

Kabla sijaelewa, shuka ilipaa juu. Kukhu alikuwa ameivuta kwa mkono ule mkavu, akajifunika kichwa na uso na kila kitu, akabaki mlima mweupe wenye mguu mmoja uliofungwa kwenye kamba. Mkono wenye povu ulikuwa ndani ya shuka pia. Nilisikia povu likitoa sauti.

Nilimgeukia mtahini mpole. Hakuwapo. Yaani alikuwapo, lakini ametupa mgongo, amesogea hadi kwenye ukuta, pua karibu inaugusa. Ukuta ulikuwa mtupu, na yeye alikuwa akiusoma.

Mimi ni mtoto wa watu waliotoka upande wa Mlima Kenya wakahamia Kitale, na kwetu mkwe anaketi na mama mkwe mezani, wanapitishiana sukari. Lakini nilikuwa nimekaa Bungoma vya kutosha kujua kwamba kwa kina kukhu mambo si hayo. Mkwe akija, mama mkwe anapitia nyuma ya nyumba. Hawashikani mikono, hawatazamani usoni. Hata siku za mahari kukhu alikuwa jikoni mlango umefungwa. Ndiyo maana hawakujuana. Nyumbani angesikia sauti tu na kutokomea kwenye migomba. Hapa nilikuwa nimemnunua makusudi kwa sababu hawezi kutoroka.

"Mtahiniwa, endelea," mtahini mwanamke alisema.

"Mgonjwa amejifunika, madam."

"Mfunue."

"Hapana!" ilisema shuka.

Yule mwanamke akamgeukia mwenzake. "Kuna nini?"

"Huyu ni mama mkwe wangu," alijibu ukutani.

"Mama wa mke wako?"

"Mdogo wake."

"Basi si mama mkwe wako."

"Ni mama mkwe!" walisema wote wawili kwa pamoja, mmoja kutoka ukutani, mwingine kutoka kwenye shuka. Ndicho kitu pekee walichowahi kusema kwa pamoja maishani mwao.

Nilitumbukiza kidole kwenye beseni. Maji vuguvugu, yanaelekea kubaya. Mgonjwa aliyeachwa na povu ni mtihani uliokwisha, hilo lilikuwa kwenye kitabu. Mtahini akiondoka nao umekwisha, maana lazima wawe wawili. Nilimwona msichana wa hoteli akiweka trei begani, pindo langu likipepea.

"Madam," nikasema, "naomba kuuliza. Sheria inataka watahini wawili wawe wodini, ama wawili waone ngozi?"

"Unajadiliana na mimi?"

"Hapana, madam. Nauliza tu. Kwa sababu ya faragha ya mgonjwa."

Akanitazama. Neno faragha lilikuwa kwenye karatasi yake, tena na alama zake. Niliona macho yake yakishuka kulitafuta. "Wodini," alisema mwishowe.

Nikavuta pazia jingine kutoka kitanda cha jirani, nikamzungushia mtahini mpole pale ukutani kwake, hadi vikabaki viatu tu. Alinishukuru kwa sauti ya chini.

"Kukhu, toka. Hakuoni."

"Ameshaniona mkono."

"Mkono tu."

"Kwani mkono ni wa nani? Si wangu? Aibu kama hii haitoki hivi hivi. Lazima kitu kiletwe."

Viatu chini ya pazia vilisogea. "Mwambie," sauti ya kwaya ilisema, "mwambie nitaleta kuku."

"Kukhu, anasema kuku."

"Mwambie kuku ndiye amenivunja mguu!"

Kutoka mlangoni nilisikia kicheko cha Kiminini kikiminywa kwa kiganja. Na hapo, sijui nisemeje, woga uliniisha wote. Hadi dakika ile nilikuwa mwanafunzi tu. Sasa kulikuwa na muuzaji, kulikuwa na mnunuzi, na kulikuwa na mtu wa katikati. Nilikuwa nyumbani.

Halafu kuna jambo ambalo kila aliyekulia kibandani analijua: mtu anayejadili bei haangalii mikono yako.

"Kukhu anasema kuku hapana, mwalimu. Ongeza." Nikabadilisha maji, nikachukua ya moto kwenye jagi. "Kukhu, wewe ulikuwa unafikiria nini?" Nikaingiza mkono chini ya shuka, nikautafuta ule mkono wa povu, nikausuuza.

"Blanketi," ilisema shuka, na mkono ukajinyoosha wenyewe, kama tulivyofanya mazoezi.

"Anasema blanketi, mwalimu."

"Mwambie sawa. Blanketi liko."

"Liko wapi?" kukhu alifoka, na kichwa kikatoka nje ya shuka kwa hasira. "Hilo ni la nyumbani kwake! Mwambie sitaki la kulaliwa!"

"Jipya, mwalimu," nikasema, nikifunua kifua na kukifunika kwa taulo. "Siyo la kutoka kitandani."

"Mwambie jipya."

"La mtumba?" kukhu aliuliza, akainua kidevu nipite chini yake.

"Kukhu, mtumba una shida gani? Mimi nimesomeshwa na mtumba."

"Wewe nyamaza, wewe ni dalali. Mwambie la dukani. Lenye maua."

Nikapeleka maua. Maua yakarudi na swali la ukubwa. Nikaosha tumbo. Ukubwa ukakubaliwa, wa watu wawili, ingawa kukhu alilala peke yake. Nikaosha mguu mzima. Kwenye mguu wa kamba nikapunguza mwendo, nikaupitia bila kuinua wala kugusa mfuko wa mchanga, na viatu vinavyolia vilisogea karibu kuona kama nitausahau. Sikuusahau. Mtahini mpole akajaribu kuondoa maua. Maua yakabaki. Kukhu akaongeza sukari na majani ya chai, kwa sababu blanketi haliji peke yake kama mtu aliyefiwa. Akashika ile kamba ya juu akajinyanyua mwenyewe, nikaosha mgongo, nikausugua sehemu zinazobanwa na godoro, nikabadilisha shuka ya chini upande mmoja, kisha wa pili.

"Mwambie tumepatana," alisema kukhu.

"Mmepatana, mwalimu."

"Asante, mama," alisema yule mtu ndani ya pazia, kwa heshima kubwa, akiuambia ukuta.

Kukhu alijitazama. Alikuwa mkavu, amefunikwa, ananukia kama duka. "Ee!" alisema. "Umeniosha saa ngapi?"

Mtahini mwanamke aliandika kitu kirefu. Nilijaribu kukisoma kichini-chini nikashindwa; mtu anayejua kuficha bei ni mtu wa kuogopwa. Nikamwaga maji, nikarudi, nikahesabu troli. Mabeseni, taulo, vitambaa. Nikahesabu tena.

"Sabuni?" aliuliza.

"Iko kwa mgonjwa, madam."

"Sabuni ni ya troli."

Kukhu aliweka kiwiko juu ya mto, mahali palipokuwa na uvimbe mdogo. "Maji yamemwagwa?"

"Yamemwagwa, kukhu," nikasema.

"Basi ni yangu. Muulize."

Yule mwanamke alinitazama, akamtazama kukhu, akaitazama ile miguu chini ya pazia ikingoja kuruhusiwa. Kona moja ya mdomo wake ilifanya kitu ambacho sikuweza kukithibitisha. "Unaongea sana," aliniambia. Akaenda, viatu vikilia. Mtahini mpole alitoka kinyumenyume, akiwa bado ndani ya pazia, akilisukuma hadi mlangoni.

Unaongea sana. Nililala na maneno hayo wiki kadhaa. Mwenzangu wa Kiminini aliyageuza kila upande. "Inaweza kuwa sifa, bana." Kisha baadaye kidogo: "Inaweza pia kuwa si sifa."

Blanketi lilikuja kabla ya matokeo. Liliachwa kwenye kiti nje ya mlango wa wodi, pamoja na sukari na majani, na aliyeleta alikuwa amekwisha kwenda. Kukhu alinituma nilichukue. Alilikunjua, akaligeuza nyuma, akakagua mishono, akavuta uzi mmoja. Lilikuwa na maua.

"Huyo mtoto wa dada yangu ametupatia mkwe mzuri," alisema. "Sura yake ikoje?"

Sikumwambia. Nadhani hakutaka niseme.

Matokeo yalipotoka nilikuwa nimepita. Mwenzangu pia. Nilimbip mama, simu ikalia mara moja nikakata, hakunipigia. Mama aliamini bip ni salamu iliyokamilika. Kwa hiyo nikaenda Kitale mwenyewe. Nilimkuta kibandani ameketi kwenye robota, kikombe cha chai mkononi, mandazi kwenye gazeti. Juu ya kichwa chake gauni langu lilikuwa palepale kwenye msumari, jeupe, bila doa.

"Mama, nimepita."

Hakuruka. Alichungulia upande wa hoteli, kisha akanivuta mkono nikae.

"Umemwambia nani?"

"Wewe tu."

"Punguza sauti. Tangu ufanye huo mtihani, yule mama ananiletea chai kila saa nne, na mandazi, ananiuliza matokeo bado? Namwambia bado, lakini moyo wangu hauko sawa. Ananiongeza maziwa." Alipuliza chai yake. "Sasa wewe unakuja na kelele zako. Si ungengoja hata Jumatatu?"

Macho yake yalikuwa yamejaa maji, lakini alikuwa amesogeza kikombe mbele ya uso, na mvuke ni kitu cha kusingizia.

Mama wa hoteli alikuwa ameshaniona. Alikuja akifuta mikono kwenye aproni, akalitazama gauni, akanitazama mimi.

"Karibu, msichana. Na mtihani?"

Mama alinikanyaga mguu.

"Tunangoja, mama," nikasema, nikaweka uso wa mtu ambaye moyo wake hauko sawa.

Alinihurumia sana. Alirudi na kikombe cha pili, maziwa matupu, na mandazi mawili ya moto. Niliyahesabu. Mama naye aliyahesabu, akachukua moja.